Mikanda ya Fundi Mgaya Mlangoni Petu

Mwenzenu mpaka leo nikisikia harufu ya vanishi mbichi masikio yananiwaka kama nimewekewa jiko pembeni, na kama niko na watu najifanya nainama kufunga kamba za viatu hata kama nimevaa kandambili. Nilikuwa nimesema jambo hili halitaandikwa popote, hata kwenye hili daftari langu ambalo hakuna anayelisoma (dada Vumilia aliwahi kulisoma mara moja, akasema linachosha), lakini naona nisipoliandika litaendelea kunikaa kifuani, kwa hiyo naliandika kama vile nawasimulia rafiki zangu wawili wa darasani, ambao hata hivyo sijawasimulia.

Mimi naitwa Editha, niko kidato cha tatu, na shuleni nikijibu swali mwalimu anauliza nani ameongea, halafu mimi nanyamaza ili isijulikane ni mimi. Nyumbani tuko watoto wawili tu, mimi na dada Vumilia aliyenizidi miaka tisa, na yeye sauti alipewa yote, yake na yangu. Mama anasema kilichoniponza ni simu. Si simu. Ni huu mdomo wangu usiofunguka panapotakiwa kufunguka.

Ilikuwa hivi. Dada alikuwa na mchumba wake, Baraka, wa Makambako, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, na watu wao walikuwa walete barua ya posa tangu mwaka jana, ikatokea mama yake Baraka akaugua, akaletwa hospitali huku kwetu Njombe, na hapo hapo hospitali akafariki. Wakaomba tusubiri msiba upoe. Tukasubiri. Sasa baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ambaye ndiye msemaji wetu kwenye shughuli zote (kwa sababu baba akisimama mbele ya watu anasahau alichotaka kusema, nadhani ndiko nilikorithi), akawa kila Jumapili baada ya ibada analalamika kwamba watu wa Makambako wanatuchezea, binti anazeeka ndani, na maneno hayo yakafika Makambako kabla hata yeye hajafika nyumbani kwake. Kwa hiyo waliposema sasa wanakuja, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, tena anakuja na mzee mwenyewe, Mzee Mlowe, baba yake Baraka, wote tulijua wanakuja huku wana kinyongo kidogo. Nilikuwa namsuka dada alipoliongea hilo, taratibu, akiwa amenipa mgongo.

"Hii ikivunjika, Editha, haipangwi nyingine. Mimi na Baraka itakuwa basi."

Nikaanza kuiangalia nyumba yetu kwa macho ya wageni, na hapo ndipo nilipokosea, maana nyumba yako ukishaiangalia kwa macho ya wageni haitakuridhisha tena. Ukifungua mlango wetu wa mbele huingii sebuleni moja kwa moja, kuna korido nyembamba ya hatua tano hivi, giza, na ndiko tunakoacha mabuti ya shamba, miavuli, majembe, na makoti yaliyolowa yanaegemea ukuta mwaka mzima. Ukuta ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa chini na rangi ya chai ya rangi kwa juu. Nikawaza Mzee Mlowe akipita pale na kofia yake, nikaona aibu kabla hajaja.

Kwenye simu ya mama nikaona video ya mwanamke mmoja wa nje huko, anapigilia mikanda myembamba ya mbao ukutani, anatengeneza maumbo marefu marefu kama fremu za picha zisizo na picha, tatu upande huu, tatu upande ule, anapaka rangi, na mlangoni kwake pakageuka kama hoteli. Lugha yake niliielewa nusu, lakini nilielewa kwamba ni kazi ya mikono yako mwenyewe na gharama yake ni ndogo. Nikamwomba mama ruhusa nipake chokaa na kuweka "urembo kidogo". Mama akasema sawa. Baba akasema nisitoboe ukuta. Nikamwambia sitatoboa (mtaona).

Sasa Njombe kuna mbao mpaka za kuchoka, lakini mikanda ya urembo hakuna anayekuwekea tayari. Nilizunguka kwa mafundi wa vitanda na wa milango, na kila mmoja ananiambia nimwachie vipimo, arande, nirudi wiki ijayo, na mimi wiki ijayo sina, wageni wanakuja Jumamosi na siku hiyo ni Jumatano. Nilikuwa narudi nyumbani kupitia barabara ya hospitali nilipoiona. Ilikuwa imening'inia kwenye misumari nje ya karakana, mirefu, imenyooka, kila baada ya shubiri imechongwa ua la pareto, ua lenyewe limeguswa katikati na rangi ya dhahabu. Mikanda mizuri kuliko hata ya yule mwanamke.

Ilikuwa karakana ya Fundi Mgaya. Na hakuna mtu Njombe asiyejua Fundi Mgaya anatengeneza nini. Ukitoka hospitali upande ule unageuza shingo uangalie bonde. Wengi kutoka vijijini wanapigiwa sanduku la kuzikia na ndugu zao huko huko, wanakuja kwake kuchukua urembo tu, na yale maua ya pareto anayachonga yeye peke yake kwa patasi ndogo, hakuna mwingine. Kwa hiyo nisije nikajitetea hapa. Nilijua. Nilisimama pale nikajua kabisa, nikajiambia mbao ni mbao, ikishapanda ukutani nani atajua ilikusudiwa nini.

Nikaingia, nikaamkia. Fundi akaitikia huku anapiga randa, akaniuliza anisaidie nini. Mimi nikanyoosha kidole kwenye mikanda. Akaacha kuranda. Aliiweka ile randa chini taratibu, kwa upande, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mkubwa au mtoto?"

Jamani, hapo ndipo ningesema hapana baba, ni ya ukutani. Maneno matano, sita. Lakini nilipofikiria kuyasema nikaona nitakavyochekwa, au nitakavyoambiwa toka hapa una laana, na kichwani nikawa nawaza tu urefu wa ukuta, kwamba ya mtoto itakuwa mifupi.

"Wakubwa," nikasema. Halafu, kwa kuwa korido ina kuta mbili, "Wawili."

Fundi akavua kofia.

"Ajali?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Ndiyo, niliitikia. Akaniuliza masanduku yanapigwa nyumbani, nikaitikia tena, maana kuitikia kwa kichwa ukishakuanza hakusimami. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia muda mrefu, na mimi kwa woga machozi yakanitoka, na machozi yale ndiyo yaliyomaliza kila kitu. Alinifungia mikanda kwa mpira wa tairi, akaongeza kopo la vanishi lililobaki nusu, nilipomtolea vihela vyangu vya mayai akachukua nusu tu, nyingine akanirudishia kiganjani na kunikunja vidole. Nikatembea nyumbani na mzigo begani, nimepita njia ya nyuma ya shule, najiambia ni bahati.

Alhamisi nikapaka chokaa, Ijumaa asubuhi nikaanza kupigilia. Nilipofungua ule mpira nikakuta nyuma ya kila mkanda fundi ameandika kwa penseli, mingine "kichwani", mingine "ubavuni", mingine "miguuni", ili mtu asichanganye. Nikayageuzia ukutani. Nikaweka gundi, nikaweka misumari midogo, plasta ikawa inamomonyoka nikawa naijaza chokaa, na kufikia saa nane nilikuwa na fremu sita ndefu, nyembamba kidogo kwa chini kuliko juu, kwa sababu mikanda ya miguuni ni mifupi kuliko ya kichwani na mimi sikutaka kuikata. Sikuliona umbo. Naapa sikuliona. Nilikuwa nimekaribia mno ukuta.

Mama alipita na beseni akasema mwanangu una mikono, hii kama hoteli. (Mama alikwenda kwenye mazishi ya mama yake Baraka, lakini kutwa nzima alikuwa jikoni anasongea watu ugali, hakuona kitu.) Dada Vumilia yeye alisimama. Msibani alikuwa amekaa nyuma kabisa kwa vile bado hajawa mkwe, lakini macho yake ni ya kushika. Alisimama katikati ya korido na ndoo yake, akaangalia huku, akaangalia kule.

"Hii nimeiona wapi?"

Nikamwambia kwenye mahoteli. Akasema labda, akaenda zake. Mlango wa kuokoka ulikuwa wazi mbele yangu nikaufunga mwenyewe.

Vanishi ikagoma kukauka. Mwezi wa sita Njombe hata nguo ya ndani haikauki, itakuwa vanishi? Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye kizingiti, mikanda bado inanata, basi nikaleta jiko la mkaa nikaliweka pale koridoni, ipate joto na wageni wakiingia wakute pana joto pia. Kufikia saa nne korido nzima ilikuwa inanuka vanishi mpaka inapanda kichwani, na mimi nikaona ni harufu ya kitu kipya. Nikamwomba mama niwe mimi wa kupokea makoti mlangoni. Mama alishangaa, maana siku zote wageni wakija mimi huwa nakimbilia kwenye kuku. Nilitaka niwaone watakavyopaangalia. Nilitaka, kwa mara moja tu, mtu aseme nani amefanya hivi.

Walikuja watano, kwa gari la kukodi. Kwetu kwenye posa hakuna kusalimiana nje. Mnapiga hodi, mnaitikiwa, mnaingia kwa mlango wa mbele, mnakaa, ndipo salamu, na mgeni akiishia nje maana yake hakuna posa tena. Baba, baba mdogo na wazee wengine wawili walikuwa wamekaa sebuleni wamenyooka kama wanapigwa picha, dada amefichwa chumbani, mama jikoni.

Mshenga wao alitangulia, mzee mfupi mwenye maneno mengi, akapita huku anasema Makambako kuna upepo tu, lakini huku Njombe nyinyi hamhitaji friji, mnaishi ndani yake. Hakuona kitu, akanitupia koti. Wa pili alikuwa shangazi yake Baraka, mama mnene wa kitenge cha bluu, dada yake Mzee Mlowe. Yeye alipofika katikati akapunguza mwendo, akanusa, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Wa tatu akawa Mzee Mlowe.

Aliingia hatua moja akasimama. Akavua kofia. Nilidhani ananipa, nikanyoosha mkono, lakini hakunipa, aliishika kifuani kwa mikono miwili. Akasimama hivyo hivyo, namna watu wanavyosimama wakati mchungaji anasoma, kisha akanyoosha kidole gumba akaligusa ua moja la pareto, akalizungusha kama anaondoa vumbi. Kidole kikanata. Akakiangalia. Halafu akarudi kinyumenyume, hatua ile ile moja, akatoka, na wawili waliokuwa nyuma yake wakatoka naye.

Sebuleni watu wakasubiri. Baba mdogo akaita karibuni jamani, ndani. Hakuna aliyeingia. Akaja koridoni kuangalia, mshenga akarudi naye, tukawa tumebanana pale na lile jiko, na shangazi bado amesimama katikati ya kuta zangu mbili.

"Mmetupangia vifuniko vya masanduku tupite katikati," akasema, hata hakupaza sauti. "Tumeelewa. Msiba wetu umewachelewesha, mkaona mtukumbushe."

Ndipo nilipoliona umbo. Vifuniko sita vimesimama wima, vitatu huku, vitatu kule, vinanuka vanishi. Tangu Ijumaa vilikuwa pale na mimi ndiyo kwanza nilikuwa naviona.

Baba mdogo akaanza kueleza kwamba haya ni mapambo ya kisasa, mjini ndiyo yanayotumika, binti yetu ana kipaji, na katika kuonyesha kazi ilivyo imara akapiga ukuta kwa kiganja. Gundi ilishalainika kwa joto la jiko. Mkanda mmoja ukaachia, ukaanguka miguuni kwa mshenga na vipande vya plasta. Mshenga akauokota, akaugeuza, akasogea kwenye mwanga wa mlango kwa sababu macho yake ni ya mbali.

"Miguuni," akasoma.

Mkaa ulikuwa unalia tu, tii, tii. Baba akaja kutoka sebuleni, akauchukua ule mkanda, akausoma na yeye kana kwamba neno litabadilika, akaniuliza nimetoa wapi vitu hivi. Na mimi, wenzangu, mbele ya wote wale, nikasema nimenunua dukani. Na safari hii sauti ilitoka vizuri kabisa, kila mtu akasikia, sijui ilikuwa imejificha wapi miaka yote.

Dada Vumilia ndiye aliyetoka chumbani, ambako hakupaswa kutoka mpaka aitwe, na nywele zake nilizomsuka na kitenge kipya. Akaangalia ule mkanda mkononi kwa baba.

"Ni mbao za Fundi Mgaya," akasema. "Nilijua nimeziona. Zilikuwa kwenye sanduku la mama Baraka." Kisha akaniangalia mimi, akasema kwa upole, na ule upole ndio uliouma. "Nilikuuliza, Editha."

Akakaa chini, pale pale sakafuni, kwenye chokaa, na kitenge chake kipya.

Shangazi alishatoka nje kumwita dereva. Nikamsikia anamwambia washa gari, tunarudi. Sijui miguu yangu ilitoa wapi uamuzi, mimi huwa hata dukani natuma mtu, lakini nilijikuta nje. Mzee Mlowe alikuwa amekaa kwenye gogo tunalopasulia kuni, peke yake kwenye ukungu, kofia kwenye goti, anajifuta kidole gumba kwa majani na vanishi haitoki. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwamkia, maana sikujua kingine cha kuanzia. Akaitikia. Nikamwambia wa ndani hawana kosa, baba hajui, mama hajui, dada hajui, ni mimi, nilienda kwa Fundi Mgaya nikachukua mwenyewe, nilitaka papendeze mtakapopita. Nilisema yote, na la wakubwa wawili, na la ajali, nikilia hovyo mpaka kamasi.

"Ulijua ni ya nini?"

"Nilijua."

Shangazi alikuwa amesimama karibu na gari, mlango wazi, anatuangalia.

"Mimi nilikaa kwenye benchi la yule fundi toka asubuhi mpaka saa tisa," akasema. "Nikamwomba msasa nimsaidie, nisikae bure. Hayo maua nimeyasugua mimi kwa mkono huu." Akauangalia mkono. "Na mama Baraka mwenyewe alikuwa hayapendi. Amelima pareto miaka ishirini kwao Ipelele, anasema ikimwingia machoni inamwasha, akaapa akiolewa Makambako hataki kuiona tena. Nikaja kumzungushia nayo sanduku zima. Tulipokuwa tunashusha kaburini ndipo nikakumbuka."

Nikasema pole baba. Akatoa pumzi, sijui alikuwa anacheka.

"Pale siwezi kupita," akasema. "Hata mkibandua leo, siwezi. Jikoni kwenu hakuna mlango?"

Sasa muelewe hapo alisema nini. Jikoni kwa watu unakoposa hapaingiliwi. Mkwe haoni sufuria, haoni kuku aliyenyonyolewa nusu, haoni mama wa binti amejifunga kitenge kifuani, kichwa wazi, jasho linamtiririka, na mama yangu alikuwa hivyo hivyo pamoja na jirani wawili, hawajui hata kilichotokea mbele. Lakini nani angekataa? Mzee akajifunika uso kwa kofia yake, akanishika bega, nikamwongoza tukazunguka nyumba. Nilipofungua ule mlango mama aliona Mzee Mlowe anaingia uso umefunikwa kofia, nyuma yake mshenga, nyuma yake wengine, akarukia nyuma ya magunia ya mahindi na mwiko mkononi, na pilau ikaachwa ikaanza kuungua. Mshenga alipita anaangalia dari. Shangazi alikuja wa mwisho, ameshawishiwa na mshenga, na yeye hakufunika chochote, alipita pole pole akiangalia sufuria moja baada ya nyingine.

Barua ilipokelewa. Nitaandika hivyo kwanza maana ndilo dada alilokuwa analilia. Lakini siku zote kwenye posa wanaopigwa faini ni waoaji, kwa kuchelewa, kwa kukosea salamu, kwa lolote, na safari hii tulipigwa faini sisi wenye binti, na mshenga akasema katika kazi yake yote hajawahi kuliona hilo. Faini ikawa blanketi la kumpa Mzee Mlowe, na jogoo. Jogoo alikuwa wangu. Nilimkamata mwenyewe nikamfunga miguu, watu wote wananiangalia. Shangazi hakula pilau, alisema ameishiba kwa macho. Baba mdogo aliomba radhi kwa ajili ya ukuta, na katika ile radhi ikabidi aombe radhi na kwa maneno yake ya kila Jumapili, na hilo hatanisamehe leo wala kesho.

Nikabandua mikanda jioni ile ile. Plasta ilitoka nayo. Kwa hiyo sasa mlangoni petu kuna vifuniko sita bado, vya mashimo, na baba amekataa pasizibwe mpaka amalize hasira, na kila mgeni anayeuliza hapa palikuwa na nini, mama anamwambia muulize Editha.

Dada hakuniongelesha Jumapili kutwa. Jumatatu asubuhi alinikuta nimeiegemeza mikanda kwenye banda la kuku, nikifikiria kuifanya kuni, akaniambia hiyo inarudi ilikotoka, na ukweli utasemwa kwa mdomo wako, la sivyo mimi kanisani siingii, siwezi kufunga ndoa huku kuna mtu mjini anajua kwetu wamekufa wawili. Nikamwomba twende wote. Akakataa.

Fundi Mgaya alikuwa nje anapiga msasa. Aliponiona na ule mzigo alisimama, akavua kofia kama siku ile, akaniuliza tumeshazika lini, maana Jumapili alitutaja kwenye maombi, kanisa zima lilisimama, lakini hakujua majina, alisema tu familia iliyopoteza wawili kwa ajali. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikasema hakuna aliyekufa. Akaweka mkono sikioni, akasema sijakusikia mwanangu. Nikarudia. Akasema sema tena. Nikasema kwa nguvu mpaka mtu wa ng'ambo ya barabara akageuka: hakuna aliyekufa, baba, nilikudanganya, ilikuwa ya ukutani.

Nilisubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze. Yeye alikaa kwenye benchi lake, kofia mkononi, uso wote ukafunguka.

"Wazima?" akauliza. "Wote wawili wazima?"

Alifurahi, jamani. Alikuwa amefurahi kweli, alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia, akasema Mungu ni mwema, akaniuliza kama nimekunywa chai. Ya Jumamosi yote, shangazi, jogoo, mama nyuma ya magunia, hayanifikii moyoni kama ile furaha yake. Niliweka mikanda chini na hela aliyonisamehe juu yake, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Nyumbani dada alikuwa anafua. Akaniuliza kama nimesema. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa sauti? Nikamwambia mara tatu. Akanisogezea beseni upande wa kusuuzia, na mimi nikakaa nikasuuza.

Basi nimeapa, na naandika hapa ili nisije nikajigeuka: ukuta wa mtu sitaugusa tena maisha yangu, hata kwa picha ya kalenda. Na nikiulizwa swali ambalo si langu, kama lile la mkubwa au mtoto, nitasema si langu, hata kama itabidi niseme mara tatu ndipo nisikike.